Meza ya Katibu: Shughuli za Kila Siku za Kamati ya Lugha na Funzo Lake kwa Katanga

Historia ya usanifishaji wa Kiswahili huelezwa aghalabu kupitia mikutano yake mikubwa: ule wa Dar es Salaam mwaka 1925, uliotafuta lugha moja ya kufundishia, na ule wa Mombasa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilipendelewa kuliko Kimvita. Hata hivyo, maamuzi ya mikutano hayajitekelezi yenyewe. Makala haya yanaangalia kazi ya ofisini iliyofuata, yaani ile ya Kamati ya Lugha iliyoanza tarehe 1 Januari 1930 kwa niaba ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Nafasi ya katibu katika vyama vya wataalamu ni ya zamani. Royal Society ya London, iliyoasisiwa mwaka 1660, ilitegemea sana barua za katibu wake Henry Oldenburg, ambaye mwaka 1665 alianzisha jarida la kuzieneza habari za wataalamu. Kamati nayo ilimpata Frederick Johnson. Miswada ya vitabu vya shule ilifikishwa ofisini kwake, ikapelekwa kwa wasomaji ili ipimwe tahajia, sarufi na msamiati. Yenye dosari ilirudishwa kusahihishwa. Iliyoridhisha ilipewa ithibati, nayo ikachapwa ndani ya kitabu. Aidha, palikuwa na maswali ya kujibiwa, istilahi za kupendekezwa, mashindano ya uandishi ya kusimamiwa na jarida la kutolewa. Juu ya hayo yote ilikuwapo kamusi, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan. Johnson alifariki mwaka 1937. Kamusi ikatoka mwaka 1939.

Ofisi yenyewe ilihamahama: kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, na hatimaye ikarejea Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 kazi yake iliingizwa katika Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili. Mahali palibadilika, lakini utaratibu wa kupokea, kupima na kujibu uliendelea.

Ni katika utaratibu huo mnyonge ndimo madaraka yalimokuwa. Kila neno lililokatwa kwa kalamu ya msomaji lilikosa njia ya kuingia darasani. Katika miaka ya mwanzo wajumbe walikuwa maofisa na wamisionari wa Kizungu. Wenye lugha walihukumiwa bila kuwa miongoni mwa mahakimu. Waafrika walipopewa viti baadaye, akiwamo Shaaban Robert, misingi ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Wenye Kiswahili wa Katanga hawakufika mezani hapo kabisa, kwa kuwa Kongo ya Wabelgiji haikuwa mojawapo ya nchi hizo nne. Ilhali huku nako Kiswahili kilikuwa kikienea. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya kambini. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilipata chama chake cha utafiti, CEPSI, mwaka 1946. Nacho kilikuwa na ofisi na jarida, lakini jarida hilo lilikuwa la Kifaransa. Kwa hiyo Kiswahili cha Katanga kilikua bila msimamizi. Huko Kinsevere, kwenye machimbo ya shaba kaskazini mwa Lubumbashi, mzazi akisema *batoto* hueleweka mara moja. Mwanawe akiandika hivyo katika insha ya Kiswahili sanifu, husahihishwa. Kilichokosekana si wasemaji, bali mahali pa kuyapokea na kuyapima maneno yao.

Kuundwa kwa CELTA mjini Lubumbashi mwaka 1971 kulileta wanaisimu karibu na wasemaji hao. Lakini historia ya Kamati yaonyesha kwamba utafiti pekee hautoshi. Lugha huwekewa kanuni na wale wanaojibu barua, wanaosoma miswada hadi ukurasa wa mwisho na wanaotoa jarida kwa wakati wake. Anayeiacha kazi hiyo kwa kuiona ndogo, hufanyiwa na wengine, na kwa kipimo chao.