Beringi Sumaku na Ukomo wa Mzigo Wake

Beringi sumaku ni beringi inayoshikilia shafti inayozunguka kwa nguvu ya sumaku, pasipo chuma kugusana na chuma. Ukomo wa mzigo ni nguvu kubwa kuliko zote ambayo beringi hiyo huhimili kabla shafti haijahama mahali pake.

Katika mashine zinazokoboa kahawa ya maganda katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania, shafti hukaa kwenye beringi za kawaida za kuviringika. Mzigo hupitia kwenye gololi au rola hadi kwenye fremu, na ukomo wake hutegemea ugumu na uchovu wa chuma. Beringi sumaku haina gololi wala grisi. Shafti huelea kati ya sumaku-umeme, ikizungukwa na mwanya ambao kwa kawaida haufiki milimita 1. Mwaka 1842 mwanahisabati Samuel Earnshaw alithibitisha kwamba sumaku za kudumu peke yake haziwezi kukituliza kitu hewani. Ndiyo maana vihisi hupima mkao wa shafti maelfu ya mara kwa sekunde, na kidhibiti hurekebisha mkondo wa koili.

Ukomo wa kwanza ni kushiba kwa chuma. Mvuto hukua kwa kipeo cha pili cha uga sumaku: uga wa tesla 1 huvuta kwa nyutoni 40 hivi kila sentimita mraba, na tesla 1.5 kwa nyutoni 90. Chuma chenye silikoni kikikaribia kushiba, kuongeza mkondo huzalisha joto zaidi kuliko nguvu. Chuma chenye kobalti hupita tesla 2, lakini ni ghali. Beringi ya utando wa mafuta hubeba mara kadhaa ya nguvu hiyo kwa eneo lilelile, kwa hiyo beringi sumaku hulazimika kuwa kubwa zaidi.

Ukubwa nao una mpaka. Kipenyo kikiongezeka, ukingo wa rota, yaani sehemu inayozunguka, hukimbia zaidi, na mabamba yake membamba yanaweza kupasuka.

Ukomo mwingine ni wa mzigo badilifu. Koili hupinga badiliko la ghafla la mkondo, hivyo beringi inayobeba mzigo mkubwa uliotulia inaweza kushindwa na mtikisiko mdogo wa kasi. Mzigo ukizidi, au umeme ukikatika, shafti huangukia beringi za akiba.

Kwa sababu hizo, beringi sumaku hufaa kompresa za gesi na pampu za ombwe, zenye kasi kubwa na zisizotakiwa kuchafuliwa na mafuta. Rota nzito za mwendo wa taratibu, kama za mitambo ya umeme wa maji, kwa kawaida huachiwa utando wa mafuta. Kwa mashine ya kukoboa kahawa, beringi ya kuviringika iliyokingwa vumbi na kutiwa grisi kwa wakati ndiyo chaguo sahihi.