Alikuja Nayo

Tuseme mzee wa Mang'ula, huko chini ya milima ya Udzungwa, ametoka kuvuna mpunga. Siku ya tatu sasa anakohoa, mwili unachemka, na akivuta pumzi anashika ubavu. "Kichomi hicho," asema mkewe. Jirani asema homa ya mapafu. Daktari wa St. Francis, Ifakara, anaandika nimonia.

Kichomi kimezaliwa na kuchoma, na kuchoma kwetu ni kwa moto na kwa ncha. Ndivyo maradhi yenyewe yalivyo: mwili unawaka, ubavu unadungwa. Nimonia asili yake ni Kigiriki, jina la pafu. Mkulima halimwambii kitu, ila madaktari wa Ifakara na wa Muscat huelewana kwalo. Lenye mtego ni homa ya mapafu. Bonde la Kilombero ukitaja homa, akili hukimbilia malaria. Dawa ya malaria humezwa, mapafu yakizidi kujaa.

Wataalamu huongeza mkia: nimonia "iliyopatikana katika jamii". Utadhani mchango wa harambee! Maana yake ni kwamba mgonjwa hakuitoa hospitali. Ikimzukia saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, hiyo ni nyingine, na vijidudu vyake aghalabu ni sugu zaidi. Muuguzi akiuliza, "Alikuja nayo, au imemkuta wodini?" amekwisha kusanifu istilahi bila kuitisha kamati. Nimonia ya kuja nayo, nimonia ya wodini: nani atauliza maana?

Kulazwa nako kuna kichekesho. Mzee amelazwa, kumbe ameketishwa, mito mgongoni, mpira wa oksijeni puani, kwa kuwa akilala chali pumzi inabana. Si mahututi, lakini daktari hamwachi: anapumua mara ngapi kwa dakika? Zikifika 30 ni ishara mbaya. Presha imeshuka? Anachanganya maneno? Amefika miaka 65? Antibayotiki zinaanza kwa sindano, kichomi nacho kichomwe. Homa ikishuka na uji ukipita, anahamia kwenye vidonge.

Siku ya kuruhusiwa, cheti chake kitasema nimonia. Wageni wakija kumpa pole, mkewe atawaambia, "Kichomi kimemwachia." Naye mzee, kabla ya kujibu salamu, atavuta pumzi ndefu, mkono ukiwa mbali na ubavu.