Paneli za kupunguza mlipuko: Kwa nini ghala la mafuta lisiwe imara pande zote

Ghala la kuhifadhia petroli, gesi ya kupikia au kemikali zinazoshika moto kwa urahisi halipaswi kuwa imara pande zote. Huenda kauli hiyo ikamshangaza mfanyabiashara wa Kataboi, kaskazini mwa Kalokol, anayejenga kwa matofali na kufuli nzito ili mafuta ya injini za mashua yasiibwe. Hata hivyo, hiyo ndiyo kanuni ya paneli za kupunguza mlipuko.

Paneli hizo ni sehemu ya ukuta au paa iliyofanywa dhaifu kwa makusudi. Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa chumbani kisha ukapata cheche, moto huenea kabla ya sekunde moja kwisha na hewa hupanuka. Chumba kikiwa kimefungwa kabisa, shinikizo laweza kufika takriban mara 8 ya lile la kawaida, kiasi ambacho ukuta wa matofali hauwezi kustahimili. Paneli hufunguka mapema. Katika majengo mengi huwekwa ifunguke kwenye kilopaskali 1 hadi 1.5, sawa na uzito wa kilo 100 hadi 150 juu ya mita moja ya mraba. Moto na hewa hutoka hapo, na kuta nyingine husalimika.

Turkana ina tatizo lake, nalo ni upepo. Bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya huupa upepo kasi, ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani. Upepo wa mita 30 kwa sekunde husukuma ukuta kwa takriban nusu kilopaskali, na kwenye kingo za paa mvuto wake huzidi hapo. Paneli iliyolegea itang'olewa na dhoruba ya kawaida. Fundi naye, akichoka kuirudisha, ataipigilia misumari zaidi, na tangu siku hiyo ghala halina paneli bali lina ukuta tu. Ndiyo maana vifungo vyake hupimwa kiwandani, wala havibadilishwi kwa kukisia.

Paneli hufungwa kwa mnyororo isiruke, nayo huelekezwa mahali pasipo njia, nyumba wala tangi jingine, kwani ndimi za moto hutoka mbali.

Kinga hiyo ina mipaka. Haisaidii kitu kwa mabomu, kama yale yaliyolipuka katika maghala ya jeshi ya Mbagala, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, jijini Dar es Salaam. Mlipuko wa namna hiyo huenda kasi kuliko paneli iwezavyo kufunguka. Dawa yake ni umbali. Vivyo hivyo gesi ikivujia nje, kama ilivyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024. Mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mwaka 2023, mojawapo ya sababu ikiwa msongamano wa makazi.

Kwa mitungi michache ya gesi, duka la kijijini halihitaji paneli. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Kibanda chenye paa na wavu wa chuma hadi chini, mbali na jiko, kinatosha, mradi wavu huo usizibwe kwa mabati kuzuia vumbi.