Arobaini ya mwaka huu si arobaini ya mwaka jana

Hebu tuanze na swali dogo. Umepata 40 katika mtihani wa Historia. Mdogo wako, mwaka unaofuata, kapata 40 vilevile. Nani anajua zaidi? Wengi tutajibu haraka: wako sawa. Jibu sahihi ni kwamba hatujui, mpaka tujue mitihani yenyewe ilikuwa na ugumu sawa.

Swali hili liliwahi kuitikisa nchi nzima. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, Bara na Visiwani, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, ambaye ni mwanasheria. Ikabainika kuwa Baraza la Mitihani lilikuwa limetumia mipaka mipya ya alama isiyobadilika, badala ya utaratibu wa zamani wa kuyaoanisha matokeo na hali ya mtihani. Mei 2013 serikali ikayafuta. Karatasi zilezile, wino uleule, zikapangwa upya kwa utaratibu wa 2011. Waliofaulu wakapanda kutoka asilimia 34 hivi hadi asilimia 43.

Fikiria hapo. Maelfu ya vijana walilala wamefeli, wakaamka wamefaulu, na hakuna aliyeandika neno jipya kwenye karatasi yake. Kilichobadilika ni kipimo tu.

Tulifikaje huku? Kwa muda mrefu kipimo hakikuwa mikononi mwetu. Mitihani ya Cambridge ilianza 1858 kwa ajili ya skuli za Uingereza, kisha ikasafiri na ukoloni. Mwanafunzi wa sekondari hapa Unguja alifanya mtihani wa Cambridge, na majibu yake yakapelekwa Uingereza kusahihishwa. Aliyetaka kusoma sheria naye alilazimika kuvuka bahari. Kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam, Oktoba 1961, kiliendeshwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na shahada ikawa ya London.

Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, 1967. Tanzania ikajitoa 1971, na 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Mitihani hiyo ni jambo la Muungano, ndiyo maana kijana wa Mkunazini na wa Mbeya wanakaa mtihani mmoja wa kidato cha nne siku moja.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Utajuaje kama mtihani umekuwa mgumu, au wanafunzi ndio wamelegea? Njia mojawapo ni kurudia maswali. Tuseme mtihani wa mwaka jana na wa mwaka huu, kila mmoja una maswali 100, na 20 kati yake ni yaleyale. Mwaka jana wastani wa wote ulikuwa 55, mwaka huu 47. Ukiangalia yale 20 ya pamoja, makundi yote mawili yamepata wastani wa 12. Basi wanafunzi ni walewale kwa uwezo; mtihani ndio uliokuwa mgumu, na mpaka wa kufaulu unafaa kushushwa. Lakini kama hata kwenye yale 20 wastani umeshuka, basi tatizo liko kwa wanafunzi au kwenye ufundishaji. Hapo kushusha mpaka ni kujidanganya.

Mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, LSAT, ulioanza 1948, umejengwa juu ya fikra hii. Idadi ya majibu sahihi hugeuzwa kuwa alama kati ya 120 na 180, ili 160 ya mwaka huu ilingane na 160 ya miaka mingine. Ndani yake huwekwa sehemu isiyohesabiwa, kwa ajili ya kuyapima maswali kabla hayajatumika kwa dhati. Mtahiniwa haambiwi ni ipi.

Lakini kuna gharama. Swali la kurudiwa lazima lifichwe. Likishavuja halipimi tena akili, linapima nani kaliona. Na mtihani uliofichwa hakuna anayeweza kuukagua. Ndiyo maana jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 1979 kulazimisha mitihani ya aina hii ioneshwe. LSAT ikaishia katikati: pepa nyingine huchapishwa na kuuzwa kwa mazoezi, nyingine hufichwa zitumike tena.

Sisi tumezoea upande wa uwazi. Pepa za miaka ya nyuma ziko wazi, na kila mwanafunzi anayepiga msuli huzikokotoa mpaka zichakae. Hilo ni jema: mtoto wa Makunduchi asiye na tuisheni anapata walau dirisha. Ila pepa ikishakuwa mikononi mwa wote, haifai tena kuwa mizani ya kulinganisha miaka.

Oktoba 2022 jambo hili lilirudi kwa sura nyingine. Katika Shule ya Sheria Tanzania, kati ya wanafunzi 633, 26 tu walifaulu wote kwa mara ya kwanza. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walidisko. Kamati ikaundwa chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mtaani watu wakagawanyika: wengine wakalaumu vyuo vikuu, wengine wakalaumu Shule yenyewe. Namba 26 peke yake haiwezi kuamua ugomvi huo. Na maswali ya sheria ni ya kujieleza, machache, yanayokumbukika. Ukirudia moja tu, jioni yake liko kwenye madesa ya wote.

Kwa hiyo ukisikia ufaulu umepanda au umeshuka, usikimbilie kushangilia wala kumtukana mtu. Uliza kwanza: mwaka huu na mwaka jana vimepimwa kwa mizani ipi, na nani ameikagua? Kwa kijana anayesubiri matokeo, majibu ya maswali hayo yanaweza kuwa tofauti kati ya kidato cha tano na kubaki nyumbani.