Nguo Moja, Rangi Mbili: Historia ya Kutia Rangi Vitambaa vya Mchanganyiko

Neno rangi, ambalo asili yake ni Kiajemi, limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ni wekundu au weusi uonekanao kwa macho. Ni kitu kipakwacho ukutani. Tena ni dawa itiwayo katika nguo. Jina halipambanui mambo haya, lakini vitenzi huyapambanua: ukuta hupakwa rangi, nguo hutiwa rangi. Ya kupakwa hukaa juu, ya kutiwa huingia ndani. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha historia nikusudiayo kuieleza, yaani jinsi watu walivyojifunza kutia rangi kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za namna mbili, moja ya shambani na moja ya kiwandani.

Mtia rangi wa zamani alikuwa na nyuzi chache mbele yake: sufu, hariri, kitani na pamba. Sufu na hariri hupokea rangi kwa wepesi. Pamba ni kaidi zaidi. Ilihitaji shabu au dawa nyingine ya kushikisha, ama rangi ya jamii ya nili. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini mjini London, akapata rangi ya zambarau badala yake. Tangu hapo rangi za maabara zikaongezeka upesi. Mwaka 1884 Paul Böttiger, Mjerumani, aligundua rangi nyekundu iliyoshika pamba bila ya shabu. Rangi hiyo iliuzwa kwa jina la Kongo, ingawa hapana kitu cha Kongo ndani yake: wakati ule mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Berlin kuamua mambo ya Afrika, na jina lile lilikuwa midomoni mwa watu wote. Majina ya biashara hayana haya.

Hata hivyo, kwa yote hayo uzi ulikuwa bado uzi wa asili, au hariri ya bandia iliyokuwa na tabia za pamba. Shida kubwa ilianza na asetati. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza dawa ya asetati ilipakwa katika vitambaa vya mabawa ya ndege ili vikazike. Vita vilipokwisha, ndugu Camille na Henri Dreyfus walibaki na kiwanda kikubwa Spondon, karibu na Derby, wasiwe na mnunuzi. Wakageuza dawa hiyo kuwa uzi, na mwaka 1921 uzi ukaingia sokoni. Ulikuwa mzuri, wenye kung'aa, lakini rangi zilizojulikana karibu zote ziliukataa. Sababu ni kwamba rangi za wakati ule zilitengenezwa ziyeyuke majini, nao uzi wa asetati hauyapendi maji.

Jawabu lililopatikana kati ya mwaka 1922 na 1924 lilikwenda kinyume cha mazoea. Badala ya kutafuta rangi iyeyukayo zaidi, wanakemia wa Uingereza walichukua rangi isiyoyeyuka majini ila kidogo sana, wakaisaga hata ikawa vumbi laini mno, wakaitawanya majini kwa msaada wa dawa yenye tabia ya sabuni. Rangi, isipopata raha ndani ya maji, huhamia katika uzi na kuyeyuka humo humo. Hapa neno kutia limetimia kwa maana yake kamili. Nitaziita rangi hizi rangi za mtawanyo.

Ugunduzi huo uliofanywa kwa ajili ya uzi mmoja ulikuja kuokoa mwingine. Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, huko Lancashire, walipata poliesta, iliyoitwa Terylene katika Uingereza na Tetoron katika Japani. Kwa jina hili la pili sisi tumepata tetroni. Uzi wake umeshikamana kiasi cha kwamba maji yachemkayo kwa kawaida hayatoshi kuufungulia rangi. Hapana budi kutumia dawa ya kuulegeza, au chombo kilichofungwa ambamo joto hupanda hadi digrii 130 hivi, au hewa kavu ya digrii 200 au zaidi.

Viwanda vilipochanganya poliesta na pamba, mara nyingi sehemu 65 kwa 35, vilipata nguo ngumu kuchakaa isiyohitaji pasi nyingi. Mtia rangi alipata mashaka. Rangi ya mtawanyo hutaka maji yenye uchachu kidogo na joto kali. Pamba ilipewa rangi mpya, iliyopatikana na Rattee na Stephen wa kampuni ya ICI na kuuzwa tangu 1956, ambayo huungana na uzi wenyewe kikemia. Nayo hutaka maji yenye magadi. Kwa hiyo kazi ilifanywa kwa zamu: kwanza poliesta, kisha kusafisha kwa haidrosalfaiti na kostiki ile rangi ya mtawanyo iliyochafua pamba, mwisho pamba. Zamu hiyo haipinduliwi ovyo, kwa kuwa dawa ya kusafisha ingeiharibu rangi ya pamba. Na asiyesafisha hupata nguo ichujayo.

Kuchuja, kukolea, kupauka: wanawake wa Pwani wamezipima kanga kwa vitenzi hivi kwa muda mrefu, na sioni sababu ya kuviacha tunapotunga istilahi. Rangi iliyoingia vizuri imekolea. Itokayo majini inachuja. Iliwayo na jua inapauka. Wanakemia hupima mambo hayo mbalimbali, nasi tunayo maneno mbalimbali.

Haja yake si ya vitabuni tu. Wapo akina mama watengenezao batiki kwa nta, haidrosalfaiti na kostiki, kwa rangi zilizo jamaa ya nili. Rangi hizo, zikitumiwa hivyo, hukolea katika pamba na haziingii katika poliesta. Mama akiuziwa kitambaa cha 65 kwa 35 kwa jina la pamba, sehemu 35 tu ndizo zitakazopokea rangi, na nguo itatoka hafifu hata akizidisha dawa maradufu. Kabla ya kununua yafaa achomoe nyuzi chache azichome: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikafanya kidonge kigumu cheusi, na uzi wa mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.