Jina Lililopewa Gugu Lisilo Lake

Oxalis ya manjano huota penye nyasi zilizofyekwa, kwenye vyungu vya maua na kando ya njia. Jani lake limegawanyika sehemu tatu zenye umbo la moyo, na ukilitafuna lina uchachu wa asidi ya oksali. Wengi huling'oa gugu hili na kulitupa. Kumbe chini ya sura hiyo moja mna spishi kadhaa, na kuzitenganisha kumewahangaisha wataalamu wa mimea kwa zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1753, katika Species Plantarum, Carl Linnaeus wa Uswidi alitaja mbili: Oxalis corniculata, inayotambaa, na Oxalis stricta, inayosimama wima. Mwaka 1794 Nikolaus Joseph von Jacquin wa Vienna akaongeza Oxalis dillenii, jina linalomkumbuka Johann Jacob Dillenius, mtaalamu aliyechora mimea ya bustani ya Eltham, Uingereza.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Stricta na dillenii zote husimama, na maelezo ya Linnaeus yalikuwa mafupi mno. Vitabu vya Marekani vikaishia kuiita dillenii “stricta”, na stricta yenyewe ikaitwa “europaea”, jina alilolitoa Alexis Jordan wa Ufaransa mwaka 1854. Hata mwongozo mashuhuri wa mimea uliotolewa na mtaalamu wa mimea Fernald mwaka 1950 ulifuata njia hiyo. Mwaka 1955 mtaalamu mwingine, George Eiten, alilichambua upya suala hilo: majina ya Linnaeus yalikuwa ya mimea ipi hasa? Stricta ikarudishiwa jina lake.

Maua hayasaidii sana kuzitofautisha spishi hizi tatu, kwa kuwa yote ni ya manjano yenye petali tano. Tazama shina. Corniculata hutoa mizizi kila kifundo kinapogusa udongo, na kitako cha kikonyo cha jani kina visikio vidogo vinavyoonekana wazi. Dillenii ina vinyweleo vyeupe vilivyolala juu ya shina, na vikonyo vya matunda yake huinama huku tunda lenyewe likielekea juu. Vinyweleo vya stricta, vikitazamwa kwa lenzi, vimegawanyika pingili pingili; vikonyo vya matunda yake havipindi kuelekea chini.

Corniculata imeenea pia Kenya na Tanzania. Anayetaka kuitambua kwa uhakika asichume ua peke yake: ang'oe mmea mzima, pamoja na mizizi na matunda, aukaushe kati ya magazeti, kisha aandike mahali na tarehe.