Miguu ya ndege ya Amelia Earhart

Ndege ikiwa juu huchukuliwa na mabawa yake. Ikiwa chini yasimama kwa miguu, yaani ile yenye magurudumu. Na miguu hiyo ni myembamba. Ikivunjika, safari imekwisha.

Tarehe 20 Machi 1937 bibi Amelia Earhart wa Marekani alikuwa karibu na Honolulu, katika safari ya kuizunguka dunia. Siku tatu kabla alikuwa ametoka Oakland, akielekea magharibi. Alfajiri ile ndege yake, Lockheed Electra ya injini mbili, ilijazwa mafuta mengi sana. Ikakimbia uwanjani, mara ikapinda upande. Miguu ikashindwa na uzito, ikavunjika, ndege ikateleza kwa tumbo huku ikitoa cheche. Ajabu, haikuwaka moto, wala katika watu watatu waliokuwamo hakuna aliyeumia.

Wengine walisema mpira wa gurudumu ulipasuka. Wengine, kwamba mwenyewe alikosea kuongoza injini. Sisi twaona kwa uzito ule hata kosa dogo lilitosha.

Ndege ikarudishwa kwa meli ikatengenezwe. Majira ya pepo yakabadilika, basi bibi akageuza njia: tarehe 1 Juni akatoka Miami kwenda mashariki, akapita Dakar, Gao, Fort-Lamy (leo N'Djamena) na Khartoum. Kwa hiyo ile bahari kuu ya Pasifiki, iliyokuwa mwanzo wa safari, ikawekwa mwisho, walipokwisha choka. Tarehe 2 Julai yeye na Fred Noonan waliondoka Lae, Guinea Mpya, wakitafuta kisiwa kidogo cha Howland. Hawakuonekana tena.